Nani anayeangusha vidaka?

Asubuhi, baada ya usiku wa upepo wa kusi, ukipita chini ya minazi ya babu yangu kusini mwa Unguja, upande ule ambao mashamba yanapakana na msitu wa Jozani, utakuta ardhi imetapakaa vidaka. Kwa msomaji ambaye hakukulia kwenye minazi, nazi huanza kama ua dogo ndani ya karara; ua likishika huwa kidaka, kidaka kikikua huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na mwisho ndiyo nazi tunayoikuna. Kidaka hakina bei sokoni. Kikianguka huachwa pale pale kikauke, au watoto hukiokota wakafanyia magurudumu ya magari yao ya vijiti. Lakini mwenye shamba anapokiona chini huona nazi ambayo hataiangua mwaka ujao, na ndiyo maana swali la nani anayeangusha vidaka limezua ugomvi mrefu katika vijiji vyetu kuliko mtu wa mjini anavyoweza kudhani.

Babu alikuwa na jibu moja. "Ni punju hao," alikuwa akisema, huku akinyoosha kidole kuelekea msituni. Nilipomuuliza kama aliwahi kuwaona wakila, alinijibu, "Mjukuu wangu, mimi sihitaji kumkuta mwizi ndani ndipo nijue nimeibiwa." Nilikuwa mdogo, na jibu lile lilinitosha. Ilichukua miaka mingi, pamoja na masomo ya ikolojia niliyoyasoma nikiwa mtu mzima, kabla ya kurudi chini ya minazi ile ile na kuuliza upya, safari hii kwa kuhesabu.

Kima punju ni wa jamii ya mbega. Mgongo wake ni mwekundu wa kutu, tumbo ni jeupe, uso ni mweusi na umezungukwa na manyoya meupe marefu, na mikono yake haina kidole gumba. Duniani kote hapatikani kwa asili isipokuwa Unguja. Wachache waliopo Pemba, katika msitu wa Ngezi, wanatokana na kundi dogo lililohamishiwa huko mwaka 1974. Jina lenyewe limebeba tuhuma, kwa kuwa punju ni sumu. Wazee walisema kwamba mti anaoulia hunyauka na kwamba mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Kiumbe mwenye jina kama hilo hahitaji kufanya kosa kubwa ili ahukumiwe, na akionekana mara moja tu juu ya mnazi akiwa na kidaka mkononi, kesi imekwisha.

Ni kweli kwamba anakula vidaka, na hakuna mtafiti aliyewahi kulikana hilo. Tumbo lake lina vyumba kama la mnyama anayecheua, na humo bakteria huchachusha majani na matunda mabichi. Kwa sababu hiyo hashughuliki na matunda yaliyoiva yenye sukari nyingi kama afanyavyo yule kima mwingine wa kijivu, ambaye ndiye mharibifu halisi wa mazao mengi shambani na ambaye makosa yake mara nyingi hubebeshwa jamaa yake mwekundu. Punju anataka kitu kichanga, na kidaka ni kichanga. Swali ambalo halikuwa limeulizwa kwa vipimo ni lingine kabisa, yaani iwapo kidaka anachokila kingekuwa nazi kama asingekila.

Mwaka 1999 wanaikolojia wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, ambao walikuwa wameishi na wanyama hawa kwa miaka kadhaa huko Jozani, walichapisha utafiti uliolichukua swali hilo kwa uzito wake. Hawakuanza kwa kuwaambia wakulima kwamba wanakosea, na nadhani hilo ndilo lililofanya kazi yao iwe na maana kwangu. Walichukua malalamiko kama yalivyo, wakaenda mashambani, wakakadiria kiasi cha nazi changa kilicholiwa na kima, kisha wakakilinganisha na mavuno ya nazi zilizokomaa. Kama babu angekuwa sahihi, mahali palipoliwa zaidi pangevunwa kidogo zaidi. Haikuwa hivyo. Palipoliwa zaidi, mavuno yalielekea kuwa makubwa zaidi, na makadirio yao yalifikia nyongeza ya asilimia 2.8 ya mavuno ambayo yangewezekana.

Matokeo hayo huwashangaza watu, lakini mtu aliyewahi kukaa na mnazi kwa utulivu hatashangaa sana. Mnazi hutoa maua ya kike mengi kuliko uwezo wake wa kulea, na zaidi ya nusu ya yanayoshika huangushwa na mti wenyewe kabla hayajafika popote, iwe kuna kima au hakuna. Siex na Struhsaker waliyaeleza matokeo yao kama aina ya upogoaji, kwa maana kwamba kima huondoa mapema sehemu ya mzigo ambao mti ungeutupa, na chakula kinachobaki huenda kwa vidaka vilivyosalia. Mimi nina tahadhari moja hapa. Inawezekana pia kwamba kima hupenda kwenda kwenye minazi iliyobeba vizuri, kwa hiyo uhusiano kati ya ulaji na mavuno unaweza kuwa na sababu zaidi ya moja. Hata ukiyasoma kwa ukali huo, bado tuhuma ya asili haisimami, kwa sababu hasara kubwa iliyosemwa kusababishwa na punju haikuonekana katika mavuno.

Niseme pia mipaka ya kazi hiyo, maana nimewahi kuisikia ikitajwa kana kwamba imefuta kila lalamiko. Ilihusu nazi, haikuhusu kila zao. Mkulima anayelima bustani karibu na msitu ana mambo mengine ya kusema, na anastahili kusikilizwa. Ni haki kwamba sehemu ya viingilio vya watalii wanaokuja kuwatazama kima hao imekuwa ikiwafikia wenye mashamba ambamo wanyama wanalisha, kwa sababu mtalii anapiga picha yake chini ya mti ambao mtu mwingine aliupanda na kuupalilia.

Baada ya kuusoma utafiti huo nilirudi kwa babu, ambaye alikuwa amezeeka lakini bado alishika panga lake kila asubuhi. Sikumwambia nilichosoma. Nilimwomba tu ruhusa ya kuokota vidaka vyote vilivyoanguka chini ya minazi minane iliyo karibu na kisima, kila siku, na kuvipanga katika mafungu matatu barazani. Fungu la kwanza lilikuwa la vidaka vyenye alama za meno. Fungu la pili lilikuwa la vidaka vyenye madoa meusi yaliyozama, na kutoka kwenye madoa hayo utomvu ulikuwa umetoka na kuganda kama tone la asali kuukuu. Fungu la tatu lilikuwa la vidaka safi, visivyo na jeraha lolote, ambavyo mti wenyewe ulikuwa umeviachia.

Babu alikuwa akipita na kuyatazama mafungu yale bila kusema kitu. Siku ya nne alivuta kigoda, akakaa, akachukua kidaka kimoja kutoka fungu la pili na kukikwangua kwa ukucha pale penye utomvu. Chini ya ngozi palikuwa na kovu la kahawia lililoingia ndani. Alikizungusha mkononi kwa muda, akakirudisha mahali pake. Fungu la meno lilikuwa dogo kuliko yote, na lile la madoa lilikuwa limelipita kwa mbali.

"Huyu wa utomvu ni nani?" aliuliza.

Huyu ana historia yake hapa hapa kwetu. Kuanguka kwa vidaka vyenye utomvu kulikuwa fumbo la muda mrefu katika pwani ya Afrika Mashariki, na baadhi ya watu walidhani ni ugonjwa wa mti au udhaifu wa udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu kutoka Uingereza, Michael Way, alifanya kazi Unguja na kuonyesha kwamba anayehusika ni mdudu wa jamii ya kunguni wa mimea, mwembamba, mwenye rangi ya kahawia nyekundu, ambaye huchoma kidaka kwa mdomo wake mrefu na kuingiza mate yenye sumu. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina rasmi la Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Wakulima na mabwana shamba humwita kunguni wa minazi. Kidaka kichanga kikichomwa huanguka. Kikubwa kidogo kinaweza kubaki, lakini nazi yake hutoka na makovu na umbo lililopinda.

Ubaya wa kunguni huyu ni kwamba hahitaji kuwa wengi. Wachache tu katika kilele cha mnazi mmoja wanatosha kuangusha sehemu kubwa ya vidaka vyake, na kwa kuwa wako juu, ndani ya makuti, mwenye shamba anaweza kumaliza maisha yake bila kumwona hata mmoja. Kima, kwa upande wake, ana mwili mkubwa, ana kelele, hutembea kwa makundi mchana kweupe na huacha alama za meno. Sina shaka kwamba tofauti hiyo ya kuonekana ndiyo iliyopanga nani alaumiwe.

Way aligundua jambo la pili, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Alikuta minazi isiyo na shida hiyo, ikibeba vizuri ingawa kunguni wapo katika eneo hilo hilo, na minazi hiyo ilikuwa na maji moto.

Kila mtoto wa pwani anawajua maji moto, na anawajua kwa kuumwa. Ni chungu wa miti, wekundu wa kahawia, wenye miguu mirefu, na jina lao linatokana na jinsi ngozi inavyowaka wakikushukia, kana kwamba umemwagiwa maji yanayochemka. Mtu akitaka kuchuma karafuu, maembe au machungwa, kwanza hutazama kama wamo. Wengi huwachoma moto au huwapulizia dawa. Kwa hiyo tulikuwa na hali ya ajabu, kwamba mnyama asiye na hatia alikuwa akifukuzwa kwa mawe na mlinzi wa shamba alikuwa akichomwa moto, huku mwenye hatia akikaa kwa starehe ndani ya kilele.

Ningependa kila mwenye shamba apate nafasi ya kuwatazama maji moto wakijenga. Niliwatazama asubuhi moja kwenye mkarafuu ulio nyuma ya nyumba, kwenye tawi lililokuwa usawa wa macho yangu. Chungu kadhaa walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa jani moja, wakishika ukingo wa jani la pili kwa taya zao na kuvuta kinyumenyume. Pale nafasi ilipokuwa kubwa mno kwa mwili mmoja, walishikana viunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, mpaka wakawa kama kamba iliyo hai, na kamba hiyo ikafupishwa kwa kumtoa mmoja baada ya mwingine kadiri majani yalivyokaribiana. Majani yalipogusana, wengine walitoka ndani wakiwa wamebeba watoto wao, viluwiluwi vyeupe visivyo na miguu, wakawashika katikati ya mwili na kuwagusisha jani hili, kisha jani lile, mara kwa mara kama fundi anayepitisha uzi. Kila mguso uliacha uzi mwembamba wa hariri unaotoka kinywani mwa mtoto. Chungu wakubwa hawana hariri. Wenye hariri ni watoto, na badala ya kuitumia kujifumia vifuko vyao wenyewe huitoa yote kwa ajili ya nyumba ya wote. Kiota kilikamilika kabla jua halijawa kali.

Kundi moja la maji moto lina malkia mmoja na viota vingi vilivyosambaa juu ya miti kadhaa inayopakana, na idadi yao inakadiriwa kufikia karibu nusu milioni katika kundi lililokomaa. Wanazunguka usiku na mchana katika kila tawi la himaya yao, na mdudu yeyote mwenye mwili laini wanayemkuta humkamata kwa miguu yote, kila mmoja akivuta upande wake, mpaka ananyooka kama ngozi iliyowambwa. Kunguni wa minazi hawezi kutaga na kulea mahali kama hapo. Wengine hukamatwa, na wengi zaidi husumbuliwa tu mpaka wanaondoka.

Maji moto si mgeni aliyeletwa, na jambo hilo lina uzito. Udhibiti wa wadudu kwa kutumia viumbe una njia zaidi ya moja. Njia mojawapo ni kumfuata adui wa mdudu mharibifu katika nchi yake ya asili na kumleta. Njia hiyo iliokoa muhogo wa Afrika, baada ya nyigu mdogo sana kupatikana Paraguay mwaka 1981 na kuachiliwa katika nchi nyingi dhidi ya mdudu mwenye unga mweupe aliyekuwa akiumaliza, kazi iliyompatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Lakini nyigu yule alichunguzwa kwanza, kwa uangalifu, ili kuhakikisha kwamba hashambulii kingine. Sisi Unguja tunajua vizuri nini hutokea mtu akileta kiumbe kwa matumaini tu. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu aliletwa hapa kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka za mji, na leo anapora mayai na makinda ya ndege wa asili katika pwani yote na mpaka bara. Njia nyingine ni kumlinda adui wa asili ambaye tayari yupo, na kuliweka shamba katika hali ambayo ataweza kuishi. Hapo ndipo uhifadhi wa wanyamapori na kilimo vinapokuwa kazi moja.

Wachina walilijua hili zamani sana. Maandishi yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 304 yanaeleza jinsi viota vya chungu wa jamii hiyo hiyo, ndugu wa Asia wa maji moto wetu, vilivyouzwa sokoni kusini mwa China kwa ajili ya kulinda michungwa, na baadaye wakulima walifunga mianzi kati ya mti na mti ili chungu wapite. Huo ndio ushahidi wa kale zaidi unaojulikana wa kutumia kiumbe kudhibiti wadudu shambani. Sisi tunao wale wale, bure, na tunawatafutia kiberiti.

Kwa nini basi si kila mnazi una maji moto? Jibu liko chini, kwenye udongo. Kuna chungu mwingine, mdogo, wa kahawia, ambaye baadhi ya askari wake wana vichwa vikubwa visivyolingana na miili yao. Wataalamu humwita Pheidole megacephala. Yeye hujenga ardhini, mara nyingi kwenye shina la mnazi, na akishaimarika huwafukuza maji moto kwa wingi wake. Ubaya ni kwamba hawezi kazi ya maji moto, kwa sababu hata akipanda mti hamzuii kunguni. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita watafiti hapa Zanzibar walijaribu kumpunguza kwa chambo chenye sumu, na maji moto walipata nafasi ya kuenea. Chambo lakini kinanunuliwa, tena na tena, na mkulima wa minazi ishirini hana fedha hiyo.

Kwa hiyo nilifurahi sana nilipokutana na utafiti wa mwaka 2011 wa mtafiti Seguni wa kituo cha utafiti cha Mikocheni, akiwa pamoja na Way mwenyewe, karibu miaka 60 baada ya kazi yake ya kwanza Unguja, na mwenzao Van Mele. Walilinganisha ardhi iliyopaliliwa mpaka ikawa tupu na ardhi ambayo majani yaliachwa chini ya miti. Penye ardhi tupu, chungu mwenye kichwa kikubwa alitawala na maji moto walishindwa kushika miti. Penye majani, yule wa chini alibaki na shughuli zake chini, na maji moto walichukua miti. Tofauti nzima ilitokana na jembe.

Matokeo hayo yanagusa mahali penye uchungu, kwa sababu kwetu shamba safi ni heshima. Mtu ambaye ardhi yake imeota majani husemwa kuwa mvivu, au husemwa kuwa watoto wake wamemtupa. Nilipomweleza babu kwamba majani yafyekwe kwa panga na yaachwe mafupi, badala ya kung'olewa kwa jembe, hakubishana nami kuhusu chungu. Alichouliza ni majirani watasema nini. Nililichukulia swali hilo kwa uzito na bado nalichukulia hivyo, na nadhani mtaalamu anayekwenda kijijini na ushauri wa namna hii bila kuwa na jibu lake atarudi mikono mitupu.

Kuna mambo mengine ya shamba yanayowasaidia. Mnazi peke yake si nyumba bora kwa maji moto. Majani yake ni magumu kukunjwa na miti imesimama mbali mbali. Wanapenda mkarafuu, mchungwa, mpera, mdalasini na mwembe, ambako majani ni laini na ambako kuna wadudu gamba wanaotoa maji matamu. Chungu huwachunga wadudu gamba hao kama mfugaji anavyochunga ng'ombe, na hapa ndipo wengi huingiwa na wasiwasi kwamba watauharibu mti. Way aliuchunguza uhusiano huo kwenye mikarafuu yetu na kuona kwamba chungu pia huwapunguza wadudu gamba wanapozidi, kwa hiyo hawaachwi kuongezeka bila kikomo. Shamba la mchanganyiko kama walivyopanda wazee, mnazi juu, mkarafuu na mchungwa chini yake, lilikuwa linamtunza mlinzi huyu bila mtu kukusudia. Tulipoanza kupanda minazi mitupu kwa mistari ndipo tulipomwondolea makazi.

Bara nako kazi inaendelea, hasa kwenye mikorosho, ambako kunguni wa minazi anashirikiana na mdudu mwingine aitwaye mbu wa mikorosho kuharibu machipukizi, maua na korosho changa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka mkoa wa Pwani ulionyesha kwamba mikorosho yenye maji moto wengi ilikuwa na madhara machache ya wadudu hao, na watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, nao wamefanya kazi nyingi kuhusu jinsi ya kuwatumia. Lakini mkulima wa korosho asidanganywe kwamba chungu watamwondolea gharama zote. Ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiri unga ni ukungu, na chungu hawezi kupigana na ukungu. Anayepuliza dawa ya wadudu kwa mazoea, kila apulizapo, huwaua pia wale ambao wangemfanyia kazi hiyo bila malipo.

Nirudi kwa punju kidogo, maana sitaki aonekane kama kisingizio cha kuzungumzia chungu. Hesabu iliyofanywa miaka ya karibuni iliwakuta zaidi ya 5,800 Unguja nzima, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na hata hivyo bado ni wachache kwa mnyama ambaye nyumba yake ni kisiwa kimoja. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, inawalinda baadhi yao, lakini wengine wengi huishi nje ya mipaka, kwenye vichaka vya mawe na katika mashamba yetu. Huko wamejifunza jambo ambalo kila nikilikumbuka hunifanya nisimame. Majani ya mkungu na mwembe wanayoyala mashambani yana kemikali zinazosumbua tumbo, na kima hawa hula mkaa, wakiuokota kwenye tanuu zilizozimika na kwenye visiki vilivyoungua. Mkaa hunasa sehemu ya kemikali hizo. Niliwahi kumwona jike mmoja, mtoto akiwa amemng'ang'ania tumboni, akishuka taratibu mpaka kwenye majivu ya tanuu ya jirani, akachagua kipande, akakiangalia pande zote na kupanda nacho juu ya mwembe. Alikitafuna polepole, vumbi jeusi likimwangukia mtoto kichwani.

Babu alikubali jaribio moja. Chini ya minazi minane ya karibu na kisima majani yanafyekwa kwa panga na jembe halipiti. Tulikata viota vitatu vya maji moto, alfajiri kabla hawajachangamka, tukavifunga kwenye mchungwa ulio katikati ya minazi hiyo, kisha tukafunga kamba za usumba kutoka mchungwa hadi kwenye minazi miwili iliyo jirani. Mara ya kwanza tulishindwa, kwa sababu viota viwili vilitoka kwenye mti wa mbali, wa kundi jingine, na siku ile ile walipigana na wenzao mpaka ardhi ikawa nyekundu. Mara ya pili tulichukua vyote kutoka kundi moja, la mkarafuu wa nyuma ya nyumba. Majirani wameshauliza kama tuna mgonjwa nyumbani, kwa kuwa shamba limeota. Babu huwaambia waje barazani watazame mafungu.

Wiki iliyopita ilikuwa siku ya kuangua. Mkwezi wetu, ambaye amekwea minazi hii tangu baba yangu ni kijana, alijipaka majivu kutoka viganjani mpaka juu ya viwiko na kwenye miguu yote miwili, akatia kamba miguuni na kupanda mnazi wa tatu, ule ambao hatukuufungia kamba yoyote. Alipofika kwenye makuti alinyamaza kwa muda. Kisha alimwita babu kwa jina lake na kumwambia kwamba huko juu kuna kiota kipya kwenye kuti la upande wa kisima, na anaomba ruhusa akwepe kuti hilo, aangue kwa upande wa pili.